Vibua vya kuchoma kwa Mtanga, Majengo: barafu kwanza, mkaa baadaye

Banda halina jina wala kibao. Ukifika soko la Majengo, ukawapita wauza nyanya na vitunguu, ukakata kushoto kwenye uchochoro wa mafundi redio, moshi utauona kabla hujaona watu. Muulize yeyote "kwa Mtanga ni wapi?" atakunyooshea kidole bila hata kuinua kichwa. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu hakiko mbali na hapo, na chakula cha mchana nanunua humuhumu sokoni mwaka mzima. Kwa hiyo nikisema hapa ndipo penye samaki wa mafuta kuliko kwingine kote nilikokula Dodoma, nasemea tumbo langu na mfuko wangu. Hakuna aliyenilipa. Hata ugali wa kuongeza natoa mia tano yangu kama watu wote.

Samaki wa mafuta ninayemsema si yule aliyezamishwa kwenye karai. Ni samaki ambaye mafuta yake yako ndani ya mnofu: kibua, dagaa, sadini, mgebuka wa Kigoma, na huko kwa wenzetu wa nchi za baridi samoni na heringi. Perege tunaoletewa kutoka Mtera na Hombolo ni samaki mzuri, sina ugomvi naye, lakini mnofu wake ni mweupe na mafuta yake machache. Ukimchoma bila kumpaka kitu anakauka mpaka unamtafutia mchuzi wa kumsindikiza. Kibua ukikiweka juu ya mkaa kinajipaka chenyewe.

Kwetu mimi ni Mpwapwa. Kwetu mboga ni mlenda, na siku ikiwa siku, kuku au nyama. Samaki tuliyemjua utotoni ni kambale mkavu, mweusi kwa moshi, aliyekunjwa mkia ukaingia mdomoni, anapita na muuza baiskeli. Samaki wa bahari nimeanza kumla kwa kawaida nikiwa mama wa watoto, baada ya serikali kuhamia huku na watu wa pwani kuhamia nayo. Wapo waliokuja na mafaili, na wapo waliokuja kuwapikia wenye mafaili. Mtanga, mama mwenye banda aliyetoka Tanga, ni wa kundi la pili, na kwa maoni yangu ndilo lililotuletea faida ya haraka zaidi.

Aliyenipeleka pale mara ya kwanza ni wifi yangu, ambaye ni muuguzi. Kaka yangu alipimwa damu akaambiwa mafuta yamezidi, hasa yale wanayoyaita trigliseridi. Akarudi nyumbani na karatasi ya vitu vya kupunguza: chipsi, nyama ya mafuta, soda, bia. Chini kabisa imeandikwa ale samaki wenye mafuta. Kaka akaisoma, akacheka.

"Mafuta yamenizidi, halafu niongezewe mengine?"

Wifi akamjibu bila kusita: "Mafuta yote si ndugu wa baba mmoja."

Akatueleza, na ameendelea kutueleza kwenye benchi la Mtanga mpaka wateja wengine nao wanajua. Mafuta ya samaki hawa yana kitu kinaitwa omega-3, na ndani yake kuna aina mbili zinazotakiwa hasa, EPA na DHA. Samaki hatengenezi mwenyewe vya kutosha. Chanzo chake ni vijimea vidogo vya majini ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Vijidudu vya majini vinakula vijimea, dagaa wanakula vijidudu, kibua nacho kinakula humo humo, na mwisho wa mstari tupo sisi na ugali wetu. Mwilini, mafuta hayo yanalifanya ini litoe trigliseridi chache zaidi, ndiyo maana kaka aliandikiwa. DHA yenyewe ni sehemu ya ubongo na ya pazia la nyuma ya jicho, kwa hiyo mtoto anayekua anaihitaji, na mama mwenye mimba anaihitaji kwa ajili ya huyo mtoto. Mbegu za mimea zina omega-3 ya aina nyingine, na mwili unaweza kuigeuza ikawa EPA na DHA, ila kwa kiasi kidogo sana. Hapo ndipo samaki anapompita maharage.

Kiasi gani? Huduma ya afya ya Uingereza inashauri angalau mlo mmoja wa samaki wa mafuta kwa wiki, gramu 140 akiwa ameshapikwa. Chama cha moyo cha Marekani kinasema samaki mara mbili kwa wiki, kila mara gramu 85, na kinapendelea huyuhuyu wa mafuta. Kibua cha wastani cha kwa Mtanga, ukitoa kichwa na uti wa mgongo, hakiko mbali na vipimo hivyo. Kwa hiyo huhitaji kula kila siku wala kujifilisi.

Nagusia kujifilisi kwa sababu nina mteja, namshonea vitenge vya harusi kila msimu, ambaye hamezi samaki ila anameza vidonge vya mafuta ya samaki kutoka duka la dawa. Kopo moja ni bei ya vibua vya mwezi mzima na chenji ya kachumbari. Nilimuuliza wifi kama vinalingana. Akasema kuna uchunguzi wa mwaka 1989 uliofanyika Wales kwa wanaume 2,033 waliokuwa wamepona shtuko la moyo. Waliopewa ushauri wa kula samaki wa mafuta mara mbili kwa wiki walikufa wachache zaidi kwa asilimia 29 ndani ya miaka miwili kuliko wasioshauriwa hivyo. Watu wakashangilia. Baadaye ukafanyika mwingine kwa wanaume wenye maumivu ya kifua ya moyo, faida ile haikuonekana. Na mwaka 2018 Wamarekani wakatoa majibu ya watu zaidi ya 25,000 waliopewa kidonge cha gramu moja kwa siku au kidonge kisicho na kitu. Kwenye shtuko la moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa pamoja, tofauti haikutosha kuitegemea. Kwa hiyo wifi hamuuzii mtu miujiza. Anachosema ni kwamba ukila kibua mchana huu, maana yake mchana huu hukula chipsi mayai, na hiyo kopo haiwezi kukufanyia. Mteja wangu bado anameza vidonge vyake. Pesa ni zake.

Sasa nije kwenye barafu, maana hapo ndipo banda hili linapoachana na mengine.

Kutoka Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, mpaka Dodoma ni kama kilomita 450. Mtanga ana mtu wake Feri anayenunua alfajiri. Anapanga kwenye deli tabaka la barafu, tabaka la vibua, tabaka la barafu, anafunga kwa selotepu kuzunguka mfuniko, anapakia kwenye basi la asubuhi. Likishuka stendi ya Nzuguni, bodaboda wake analifuata. Linafunguliwa palepale bandani mbele za watu, na mama yule cha kwanza anachotazama si samaki. Anatia mkono chini kabisa ya deli kupapasa kama barafu bado ipo.

Kuna siku nilifika na njaa yangu nikakuta jiko limewaka na wavu mtupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Leo vibua hakuna?"

"Vipo. Ila sikuuzii."

Nikadhani utani. Akafunua deli. Basi lilikuwa limeharibikia Gairo, mzigo ukakaa juani, barafu yote imekuwa maji. Kwa macho yangu ya Mpwapwa vibua havikuwa na neno: ngozi bado inang'aa, macho hayajazama. Akakishika kimoja kichwani akakilaza hewani, mkia ukaning'inia. Akabonyeza tumbo kwa dole gumba, alama ikabaki. Akafunua shavu, ndani palikuwa pameanza kuwa na rangi ya kahawia badala ya damu mbichi. "Perege wa hivi ningemuosha, nikamkaanga sana, ungekula ukanishukuru," akasema. "Kibua hakina msamaha." Deli zima likaenda shimoni, na mtaji wa siku mbili tatu ukaenda nalo. Mimi nikala dagaa.

Wifi alinipa maelezo ya jambo ambalo Mtanga alifundishwa na mama yake bila maelezo. Samaki wa ukoo wa kibua na jodari wana kitu kwenye mnofu ambacho bakteria wakikipata kwenye joto wanakigeuza kuwa histamini. Bakteria utawaua kwa moto, lakini histamini ikishatengenezwa haitoki. Haiondoki kwa kukaanga, wala kwa ndimu, wala kwa kurudisha samaki kwenye friza. Mtu anakula, na haichukui muda, uso na shingo vinawaka, kichwa kinagonga, mdomo unachoma kama amekula pilipili, mwili unawasha, wengine wanatapika na kuharisha. Wengi wakipatwa na hilo wanasema "mimi samaki wa bahari wananikataa", wakaacha kabisa, kumbe walichokosa ni barafu. Dawa yake ni moja tu: tangu anatoka majini akae kwenye ubaridi wa nyuzi 4 au chini ya hapo. Kwa jua letu la Oktoba na Novemba, kabla mvua haijashuka, hilo si jambo la mzaha. Nikiona mahali vibua vimepangwa mezani saa sita mchana, muuzaji anavinyunyizia maji ving'ae, mimi napita, hata akiniambia bei nusu.

Baada ya barafu ni kisu na mkaa. Anayechoma ni kijana wake, mwembamba, haongei. Anachana kila upande mara tatu, mchano mshazari unaofika mpaka kwenye mfupa, na mle kwenye michano ndimo anamosukumia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa na chumvi na pilipili manga. Ndimu anaikamua mwisho, karibu na kuweka motoni, kwa sababu ikikaa muda mrefu inaupika mnofu kabla ya moto na unakuwa kama chaki. Mkaa anaungoja mpaka uwe na jivu jeupe juu. Wavu anaupangusa kwa nusu ya kitunguu maji alichokichoma kwenye uma.

Hapo simama pembeni utazame. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Halafu ngozi inaanza kuvimba taratibu, inajivuta kwenye michano, na ndani ya michano yanajaa mafuta, ya njano hafifu, yanachemka madogo madogo bila kumwagika. Tone la kwanza likidondoka kwenye mkaa unasikia, na moshi unapanda na ile harufu ambayo imewahi kunifanya niache suruali ya mtu mezani haijatiwa zipu. Mafuta yakizidi moto unashika, kijana anakihamisha kibua pembeni ya jiko, anaumwagia moto maji kidogo kwa vidole, anakirudisha. Anageuza mara moja tu. Wachomaji wengi wanageuzageuza mpaka ngozi yote inabaki kwenye wavu, na ngozi ndiyo nusu ya raha. Anajua kimeiva kwa kuchomeka kisu mgongoni: mnofu ukiachia mfupa, kinashuka. Palipoungua pakawa peusi kabisa panguse, si pa kula, lakini kwake huwa ni ncha ya mkia na mapezi.

Kinaliwa kwa mkono. Anza na ngozi ikiwa bado inavunjika. Kisha tumboni, pale chini ya mbavu ambapo mafuta yamejaa kuliko kwingine. Ni laini hata hakuna haja ya kutafuna. Ule mstari wa mnofu wa kahawia ubavuni, ambao wageni wanautoa wakidhani umeharibika, ndio wenye ladha nzito na ndio wenye mafuta zaidi. Miiba haisumbui. Kibua kina uti mmoja wa kueleweka, unaunyanyua wote kwa pamoja, tofauti na perege mwenye miiba ya kukutafutia koo. Kichwa usikirudishe. Mashavuni pana vipande viwili vidogo vya mnofu, na huo ndio mgawo wa mwenye kulipa.

Bei wakati naandika: kibua cha wastani na ugali na kachumbari shilingi 4,000, kikubwa 5,500. Kuna hoteli mjini nimewahi kula kipande cha samaki kisicho na ngozi wala mfupa wala asili, na viazi sita, kwa 18,000. Sitaitaja.

Ugali ni wa sembe, lakini ukiwahi kuna wa uwele, na hapo sisi wenyeji tumepata ushindi wetu. Mtanga alipofungua alikuwa hataki kusikia habari ya mlenda karibu na samaki wake. Wateja wa Kigogo wakawa wanakuja na mlenda kwenye kikombe cha mfuniko kutoka nyumbani, wanaagiza kibua, wanakula mbele yake. Sasa anaupika mwenyewe, na anausifia kama ni wa kwao. Ugali wa uwele, mlenda mzito na kibua kinachotoka mafuta: watu wa pwani wanashangaa, waacheni washangae. Mlenda unateleza, kibua kina chumvi, na uwele una ule uchungu kidogo wa kuvifunga pamoja.

Wapo wanaotaka kibua cha kukaanga. Anakikaanga, bei ileile, ila uso unabadilika. Wifi naye yuko upande wake. Ukikitumbukiza kwenye mafuta mengi, sehemu ya mafuta mazuri inatoka kuingia kwenye karai, na ya karai yanaingia kwenye samaki. Karai letu huku ni alizeti. Dodoma na Singida tunalima alizeti, tunakamua, tunaiuza barabarani kwa madumu, na sisemi ni adui. Lakini alizeti imejaa omega-6, ambayo sisi tunaila asubuhi kwenye kitumbua na jioni kwenye mboga, hatuna upungufu nayo. Kukifuata kibua kwa ajili ya omega-3 halafu ukaibadilisha na alizeti ni kujizungusha. Choma, au agiza mchuzi, maana kwenye mchuzi kinachotoka kinabaki kwenye bakuli na unakichovya.

Dagaa ni wa Kigoma, na hao anawapata wakavu kwa magunia. Ni wa pili kwa ubora bandani, na kwa pesa ya sasa huenda ndio wa kwanza: sahani 2,500. Anawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga uishe, anawakausha kwenye kikaango kikavu, ndipo anapotia kitunguu, nyanya na pilipili. Unakula na kichwa na mifupa, kwa hiyo kalisi unaipata bure. Ukinunua wa kupeleka nyumbani, nusa kwanza. Dagaa wana mafuta, na mafuta yakikaa sana yanaharibika. Rangi ya fedha inageuka njano, na wakipikwa wanakwaruza koo. Mtanga anawaweka ndani kwenye kivuli, haanikiwi mtu dagaa wa kuuza kwenye jua la barabarani.

Mgebuka upo kwa bahati. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kipindi kile hata ukiwa na hela ungeambiwa kalale. Ukiukuta, wa kuchoma, usiuache.

Ijumaa kuna kibua cha kupaka. Hapa ndipo mimi na wifi tunapogombana. Tui zito la nazi linapikwa na pilipili, bizari na ukwaju mpaka linashika kijiko, linapakwa juu ya samaki aliyekaribia kuiva, linarudishwa motoni likaukie. Wifi anasema mafuta ya nazi ni ya aina ya kupunguza, na kwa kaka anamkatalia kabisa. Mimi damu yangu haijaandikiwa kitu. Nazi huku Dodoma ni ghali, kwa hiyo kinakuwa 7,000, na mara nyingi kimeshawekewa oda tangu Alhamisi. Jodari pia huwa Ijumaa. Ni mzuri kwa rangi, na wengi wanamwona ndiye samaki wa hadhi, lakini kwenye mkaa anakauka upesi, na hata hao Waingereza wamemwondoa kwenye hesabu ya samaki wa mafuta. Mimi namwachia mwenye suti.

Neno kwa wajawazito, maana pale wanakuja wengi kutoka kliniki. Kibua na dagaa ni wadogo, maisha yao mafupi, hawakusanyi mwilini zebaki nyingi, ile metali yenye sumu, kama samaki wakubwa wanaokula wengine. Waingereza wanawaambia wajawazito na wanaonyonyesha wasizidishe mara mbili kwa wiki kwa samaki wa mafuta, na wajawazito papa wasile kabisa. Papa mkavu hapa sokoni haadimiki, kwa hiyo si la kudharau. Mengine mazuri ya kibua, vitamini B12, iodini, seleniamu, nayataja tu. Kuna vitamini D pia, lakini kwa jua la Dodoma hiyo tunaigawa.

Nije kwenye kazi yangu. Fundi cherehani akila samaki kwa mkono ana tatizo ambalo karani hana. Mafuta ya kibua yakigusa satini ya harusi hayatoki, na shombo likiingia kwenye kitambaa cha mtu utalisikia mwenyewe kabla hajalisikia mwenye nguo. Ndiyo maana mahali pa kula samaki mimi napima kwanza kwa maji ya kunawa. Kwa Mtanga kuna ndoo ya bomba yenye maji ya moto, si ya vuguvugu, sabuni ya kipande, na bakuli la maganda ya ndimu zilizokamuliwa. Unasugua vidole na kucha kwa ganda, kisha sabuni, kisha maji. Narudi kwenye mashine, nashika kitambaa cheupe, hakuna neno. Moshi kwenye nywele ni habari nyingine, funga kilemba.

Kasoro zipo. Viti havitoshi, na mabenchi mawili yana mguu mfupi. Miezi ya upepo, Julai na Agosti, vumbi linapita chini ya turubai, na ingawa samaki wote wamefunikwa kwa kawa za ukindu alizotoka nazo Tanga, kachumbari yako haina kawa, ile haraka. Choo ni cha soko, nadhani nimeeleweka. Bei haijaandikwa popote, na ikipanda Feri inapanda kwako bila taarifa. Uliza kabla hujakaa. Pilipili yake ni kali na haikuonyi. Halafu chenji: noti ya elfu kumi asubuhi inaleta maneno, afadhali ulipe kwa simu, namba imebandikwa kwenye nguzo.

Kaka yangu amekuwa mteja kuliko mimi. Vipimo vyake vya pili vilishuka, lakini na bia alipunguza na soda akaacha, kwa hiyo kibua sitakipa sifa zote. Wifi alizigawa nusu kwa nusu, kaka akasema bia ilistahili zaidi.

Jiko linawaka kuanzia saa tano na nusu, na ikifika saa nane mchana vibua vikubwa vimekwisha, vinabaki vya wastani. Jioni hufungua deli likishafika, si kabla, na Jumapili hafungui kabisa. Mwezi wa Ramadhani mchana pamefungwa, na baada ya futari pamejaa mpaka barabarani. Ukitaka wa watoto, mwambie kijana akutolee miiba. Haongei, lakini anatoa yote na kukufungia kwenye karatasi ya foili. Na ukiambiwa vibua vipo ila haviuzwi, usibishane naye. Agiza dagaa, lipa, kaa.